Siku Mwau Alipomchanganyia Mumbua Oili

Enyi watu wa Mutuini, na ninyi wa Hurlingham mnaotembea macho kwenye simu, na ninyi wa katikati ya jiji msiojua kupishana bila kupigana vikumbo, simameni kidogo. Mama uliye jikoni, punguza moto. Na wewe uliyeanza kusema una haraka, haraka yako tunaijua, haina baraka, keti. Nataka kuwapa habari za vita vilivyopiganwa Jumamosi moja kando ya barabara ya Argwings Kodhek, vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, lakini vilimwaga oili nusu lita kamili, na shujaa wake alikuwa mume wa dada yangu. Mimi Kamene binti Muthama nilikuwepo, nimeketi kiti cha mbele nikiguguna mahindi choma, na kila nisemalo nililiona kwa macho haya mawili. Atakayebisha na aje tuonane.

Kwanza mjueni shujaa mwenyewe. Ni Mwau, karani wa masjala, mlinzi wa mafaili, bingwa wa foleni, mwenye shati jeupe lisilojua doa. Mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufungua boneti ya gari, na akikuta mwenzake amekwama njiani humshika bega, akamwambia pole, akaenda zake. Alimwoa dada yangu Kavata miaka sita iliyopita, na kwa miaka yote hiyo amemwamkia baba yetu kwa kuinama, amekula kila alichowekewa, na amecheka hata pale ambapo mzee hakuwa anatania. Lakini usukani wa Mumbua hakuwahi kuugusa.

Mumbua ni nani? Ni gari. Msicheke. Ni gari kuukuu la rangi ya chai ya maziwa, lililoingia kwetu siku mvua inanyesha kwa fujo, na kwa kuwa sisi Wakamba mtoto wa kike akizaliwa mvua ikinyesha huitwa Mumbua, baba akalipatia jina hilo mbele ya majirani. Kila alfajiri Muthama Mpima-Oili, simba wa Mutuini, hutoka na kitambaa chake, hufungua boneti, huchomoa kile kijiti cha kupimia, hukitazama, huguna, hukirudisha. Sisi watoto wake hatukupata kutazamwa kwa upendo wa namna ile, na mimi nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma.

Sasa sikieni kilichomkosesha shujaa usingizi. Kavata alikuwa mja mzito wa miezi minane, na njia ya kwetu Mutuini ikinyeshewa, mwanamke mwenye uchungu huwezi kumpandisha boda boda labda uwe umemchoka. Gari la karibu lilikuwa moja tu. Mwau alikwenda kwa baba mara tatu, akasimama mlangoni na mikono nyuma, akamwomba amwachie ufunguo siku hiyo itakapowadia. Mara tatu baba akamjibu, "Nitampeleka mimi." Naam, angempeleka yeye, ila mzee huyo huyo wiki mbili nyuma alikuwa ameikalia miwani yake katika mkutano wa matanga, ikavunjika vipande viwili, na tangu hapo alikuwa akimwamkia mbuzi wa jirani kwa heshima zote.

Jumamosi hiyo duka la miwani la mjini likapiga simu kwamba miwani mipya iko tayari. Baba kuendesha hawezi. Kumtuma boda boda hataki, asije akaivunja tena, na miwani ile ilihitajika kanisani kesho yake, zamu yake ya kusoma somo. Ndipo, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, akamwita Mwau uani, akamkabidhi ufunguo mbele yangu, akatoa hotuba.

"Kijana," akanena, "Mumbua anakunywa oili ya sinthetiki, ile ya bei kali iliyoundwa maabara. Hiyo peke yake. Ile ya kawaida hajawahi kuonja. Ukimchanganyia hizo mbili, zitaganda ndani kama uji wa jana, na mimi na wewe tutaongea mbele ya wazee. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Kamene, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, nikajua nimefanywa shahidi wa mashtaka.

Kwenda mjini tulikwenda salama. Shujaa alishika usukani kama mtu aliyebeba mayai, matatu zikatupita, baiskeli zikatupita, mzee mmoja mwenye mkokoteni akatupita na kutupa pole. Miwani tukaipata. Tukageuza kichwa cha Mumbua kurudi nyumbani, nami nikaanza kufikiri kwamba siku hii itaisha bila habari yoyote ya kuwasimulia.

Tulipofika Hurlingham na kukata kona, taa nyekundu yenye mchoro wa birika ikawaka kwenye dashibodi, ikazima, kisha ikawaka tena na kukaa. Mwau akapauka. Akaingiza gari kando ya barabara, akazima injini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, hii birika ni ya nini?"

"Ya chai si hiyo," nikamwambia. "Ni oili."

Akashuka. Akaitafuta kamba ya boneti kwa dakika nne nzima, akaifungua, naye hakujua kwamba Nairobi ukifungua boneti umeitisha bunge. Kabla hajasimamisha chuma cha kuizuia, walikuwa wamefika watu saba. Wa kwanza alikuwa Clifford, mwendesha boda boda, jabali wa stendi ile, aliyeninunulia mahindi ya pili bila kuulizwa, na kwa hilo namsamehe mengine. Wa pili alikuwa Joash, soja wa lango la jengo la ghorofa lililokuwa mkabala, aliyekuja na rungu lake. Waliobaki walikuja na maoni tu.

Mwau akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya, akakitoa. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini.

"Buda," Clifford akanguruma, "hii gari imekauka. Weka oili saa hii."

Karibu nasi palikuwa na duka la vipuri la Bi Shahida, mwanamke wa Mombasa aliyeketi mlangoni pake na kanga mabegani. Mwau akamkimbilia, akarudi kichwa kimeinama. Oili ya sinthetiki ya nambari yetu ya unene ilikuwa imekwisha tangu Alhamisi, na nyingine ingekuja Jumatatu. Ya kawaida ya nambari ile ile ilikuwepo, tele. Clifford kwa wema wake akapanda pikipiki, akazunguka hadi kituo cha petroli, akarudi na habari kwamba huko wana ile nene ya malori peke yake.

Basi hapo ndipo majeshi yakajipanga. Clifford akapanda juu ya ukingo wa barabara, akainua mkono.

"Skizeni! Kuna mjomba wangu alichanganya hizo mbili. Injini ikaknoki hapo hapo. Ikakufa! Mpaka wa leo iko kwa shamba, kuku wanalalia. Buda, usijaribu."

Umati ukaguna kwa hofu. Joash akapiga rungu chini, akasema kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kufungua lango, "Mimi naona hivi. Usiweke kitu. Endesha tu polepole, mwendo wa kubeba maiti, mpaka nyumbani. Gari ikiskia umeiheshimu, itakufikisha."

Na je, shujaa wetu? Aliegemea Mumbua, jasho likimtiririka. Aliona mbele yake njia mbili. Akichanganya, amevunja amri ya Muthama, na safari zote tatu za kuomba ufunguo zimepotea bure. Asipochanganya, ataiua injini kati ya hapa na Dagoretti, na siku ya Kavata hakutakuwa na ufunguo wala gari la kufunguliwa. Akanitazama. "Shemeji, baba atasema nini?"

"Atasema mengi," nikamwambia, kwa kuwa kumdanganya ningekuwa namkosea.

"Na nikimficha?"

"Mimi niko hapa, Mwau."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa mlangoni. Ndipo Bi Shahida, aliyekuwa ametuvumilia vya kutosha, akainuka na kuja, umati ukampisha.

"Lahaula! Wanaume wanane mwaizunguka gari moja kama mwaiosha maiti. Nani kawaambia oili hizi zagombana?" Akachukua kifuniko cha chupa, akadondosha tone kutoka kwenye kijiti chetu, akatia na tone la oili ya kawaida, akakoroga kwa njiti ya meno. "Haya, tazameni. Wapi uji? Nionyesheni uji."

Vichwa tisa vikainama juu ya kifuniko kile. Tukangoja. Oili ikabaki oili, laini, yateleza. Clifford akaiangalia kwa jicho la kumshuku mjomba wake.

"Mwanangu," Bi Shahida akamgeukia Mwau, sauti ikashuka, "ile ya sinthetiki ni bora, hilo silikatai. Ukiitia hii ya kawaida waipunguza ubora wake, basi. Usiifanye mazoea. Lakini injini haifi kwa kuchanganyiwa, yafa kwa kiu. Muhimu nambari ya unene iwe sawa na ya mwanzo, na hii ni sawa. Tia nusu ya chupa hii ya lita, ufike kwenu. Siku ya sevisi wamwage yote, watie mpya. Na mwenye gari umwambie mwenyewe kwa kinywa chako, asije akaambiwa na watu."

"Mama, mwenye gari ni baba mkwe wangu."

"Ala!" akasema Bi Shahida, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Basi tia, na Mungu akusimamie."

Ee mikono ya makarani, mikono iliyozoea mihuri na kalamu, nani atawasifu ipasavyo! Mwau akakunja mikono ya shati. Faneli hakuna, Joash akakata chupa ya maji shingoni kwa kisu cha chakula chake cha mchana, ikawa faneli. Mwau akafungua kifuniko cha injini, akaungua kidole, hakulia. Akainua chupa, hata muuza karanga aliyekuwa akipita akaacha kuuza, na uzi mwembamba wa rangi ya asali ukashuka tumboni mwa Mumbua, ukakutana na wenzake waliokuwa humo. Chupa ikagonga faneli. Kiasi kikaruka, kikamwangukia kifuani, katika shati lile jeupe, doa kubwa kama chapati. Hakulitazama. Akapima, akakuta oili imepanda katikati ya alama mbili. Akawasha. Taa ikazima. Mumbua akanguruma vizuri, na Hurlingham ikapiga makofi.

Njia nzima kupita Dagoretti Corner aliendesha midomo ikicheza. Nilijua alikuwa akitunga maneno ya kuungama.

Baba alikuwa anatungoja langoni. Akapokea miwani, akaivaa, na kitu cha kwanza alichokiona duniani baada ya wiki mbili kilikuwa lile doa.

"Hiyo ni nini?"

"Baba," Mwau akasema, akasimama wima, wala hakuinama safari hii, "taa ya oili iliwaka Hurlingham. Ya sinthetiki haikupatikana. Nimemtia Mumbua oili ya kawaida, nusu lita. Nimevunja neno lako. Niliona ni afadhali unikasirikie mimi ukiwa na injini kuliko unisifu ukiwa huna. Kavata anaihitaji hii gari, baba. Ukitaka wazee, waite."

Miaka sita, jamani, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyopata kumwambia. Kavata alikuwa ametoka mlangoni, mkono kiunoni. Baba akatembea polepole hadi kwenye boneti. Akafungua. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga wa saa kumi.

"Nusu lita," akasema.

"Nusu lita, baba."

"Na bado iko katikati." Akapiga hesabu kwa midomo. Kisha akaivua miwani, akakitazama kijiti kile kile bila miwani, akaivaa tena, akatazama, akaivua tena. Nikaona shingo ya mzee ikilegea. Wiki mbili nzima, kila alfajiri, alikuwa akichomoa kijiti, akaona chuma kinang'aa, akadhani ni oili, akaguna, akarudisha. Sisi sote tulielewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa kimya pale nilipoweza kuongea.

"Nilikuwa naona imejaa," baba akasema, si kwetu hasa. Halafu akasafisha koo. "Iliyobaki iko wapi?"

Mwau akatoa chupa chini ya kiti, kwa woga, akijua inakwenda kurushwa kwenye mfereji. Baba akaichukua, akasoma nambari iliyoandikwa ubavuni, akaisoma mara ya pili kwa raha ya mtu aliyerudishiwa macho, akasema, "Kijana, leta faneli." Na Muthama Mpima-Oili, aliyetishia kuita wazee Mumbua akichanganyiwa, akaimimina yote kwa mkono wake mwenyewe, mpaka alama ya juu. Akafunga. Akajifuta mikono. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Mwau, naye akaunyoosha kumrudishia, na baba akaukunja mkono ule ukafumba.

"Siku ya Kavata ikifika," akasema, "usije kunigongea mlango kuniomba. Washa, uende. Mimi nitawakuta hospitali."

Basi andikeni, enyi mnaojua kuandika, kwamba Jumamosi ile, saa kumi na dakika ishirini, oili mbili zilikaa tumbo moja Mutuini na nyumba haikuanguka. Kavata alilia, nami nililia kidogo, ingawa nitakana nikiulizwa. Watu wengine wakishinda vita hupewa miji. Mwau wetu alipewa ufunguo mmoja wenye plastiki iliyopasuka, na bado sijaona mtu aliyeushika mji wake kwa mikono miwili namna ile.