Nguo za Mpira na Mama wa Chumba cha Nyuma

Kwako Baba Mkwe unayeheshimiwa,

Shikamoo. Marahaba naipokea hukuhuku, kwa sababu najua wewe si mtu wa kujibu barua. Sisi hatujambo, isipokuwa joto. Binti yako hajambo, Mama hajambo kupita kiasi, na karakana yangu ya kutengeneza majokofu inakwenda vizuri, maana joto hili limeniletea kazi nyingi hadi mtaa mzima umesahau jina langu na kuniita Fundi Baridi.

YAH: OMBI LA KUMREJESHA MAMA KABLA MPIRA HAUJAPASUKA

Baba, naandika kwa adabu zote za mkwe, na kila nitakapotumia neno zito naomba ujue nimeinamisha kichwa. Kama unavyofahamu, Mama, yaani mkeo, yuko kwangu tangu siku ile ulipomwambia, mbele ya wageni, "umezeeka". Mimi sikuwepo na wala sihukumu. Nilichosikia ni kwamba alifunga begi kabla wageni hawajamaliza chai yao, na ameapa hatarudi mpaka uje mwenyewe kumwomba radhi. Nawe nasikia umeapa hutakuja. Wazee walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Baba, nyasi zangu zimevaa mpira.

Nifafanue. Mimi ni mkusanyaji. Ninazo sanamu kumi na moja za wazamiaji, kila moja ina urefu wa kiganja na kidole, na kila moja imevaa vazi lake la kuzamia la mpira mweusi, lenye zipu ndogo inayofunguka kweli. Binti yako huziita midoli. Neno hilo nimelipiga marufuku nyumbani, lakini nina habari kwamba linatumika nikiwa kazini. Ya kwanza, ambayo niliipa cheo cha Jemadari, aliniletea marehemu mjomba wangu aliyekuwa fundi wa mitambo melini, naye akafariki kabla sijamaliza kumshukuru. Zile kumi nimezitafuta mojamoja katika utu uzima wangu wote. Kiwanda kilichozitengeneza kimekufa. Ikiharibika moja, hakuna pa kuipata nyingine, na mimi nitaumia kama mtu aliyefiwa, hata kama binti yako atacheka.

Na mpira, Baba, hauna subira. Joto linaulainisha hadi unanata, mwanga unaukausha hadi unapasuka, na mafuta ya vidole yanaula polepole. Ukianza kuzeeka haurudi nyuma. Mimi ninayerudisha baridi kwenye majokofu ya watu, jokofu la nyumbani kwangu ni bovu tangu mwaka jana, mganga hajigangi, hivyo tegemeo langu lilikuwa chumba cha nyuma, kile kisichopigwa na jua. Ndicho alichopewa Mama.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Chumba chenyewe. Sikushirikishwa. Nilirudi kazini nikakuta kitanda kimeingizwa na kabati la sanamu limesukumwa kwenye kona. Nilipouliza, binti yako alinikumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakubali. Lakini wapo pia waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nitampaje mama mkwe jembe? Nikimpa mwiko tu nitasemwa na ukoo mzima.

2. Kutoelewana kuhusu neno. Siku ile ya kwanza nilisimama mlangoni, nikatazama chini kama inavyopasa, nikamwambia: Mama, mle kabatini mna nguo za mpira, tafadhali zisiguswe wala zisianikwe. Nakiri kwamba ningeweza kuchagua maneno mengine. Mama alifungua kabati, akahesabu, akapata kumi na moja. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani kwamba mkwe wake ana timu ya kandanda na kwamba hawa ndio wachezaji wenyewe, ila wamesinyaa kwa sababu ya joto. Nilimweleza kwamba mpira ninaousema mimi ni ule wa kandambili, si ule wa goli. Alinionea huruma sana. Alisema timu inayocheza kwa kandambili haiwezi kupata hata sare. Yule mzamiaji aliyekatika mkono wa kushoto amemfanya golikipa, na kila asubuhi anamwambia kwamba yeye ndiye sababu ya sisi kufungwa.

3. Kugeuziwa ukutani. Sanamu zangu zote sasa zinatazama ukuta. Mama anasema mwanamke wa heshima hawezi kubadilisha nguo mbele ya vijana kumi na mmoja. Kwa hiyo mimi, mwenye mali, nikibisha hodi, nikisubiri, nikikaribishwa na kuingia, ninachoona ni visogo. Baba, nimetumia nusu ya maisha yangu kukusanya visogo.

4. Shuka. Kila asubuhi Mama analowesha shuka, analitundika dirishani, anafunga mapazia na kulala kifudifudi. Chumba kinakuwa giza totoro. Nilipomuuliza kwa unyenyekevu ni kwa nini, alijibu kwamba joto la mji huu halina adabu, na kwamba timu nayo inahitaji mapumziko. Hata vile visogo basi sivioni.

5. Poda. Mama anajipaka poda ya watoto kwa mkono usiojua ubahili. Anajipiga shingoni, wingu linapaa, linatua kabatini. Wazamiaji wangu weusi tii wamekuwa kama watu waliotoka kusaga unga. Juzi nilimfuta mmoja kwa kitambaa laini. Nilipogeuka, alikuwa amepigwa poda upya, safari hii kwa makusudi, kwa maelezo kwamba mchezaji akitoka jasho huchubuka mapajani.

6. Hili ndilo lililonikosesha amani. Mama ni mtu wa watu. Dukani, kwenye foleni ya maji, kila anapopata sikio, amekuwa akieleza kwamba analala chumba kimoja na wachezaji kumi na mmoja, na kwamba ni vijana wazuri, hawana kelele wala hawali sana. Wanawake wa mtaa wakaanza kunitazama vibaya. Kisha habari ikamfikia katibu wa ligi ya mtaa. Alikuja karakanani kwangu na filimbi shingoni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipongeza kwa kulea vipaji kimyakimya. Kabla sijapata la kusema tulikuwa tumeshaingizwa kwenye ratiba. Jumamosi tunacheza na mafundi magari. Mama ameandikwa kocha. Binti yako, ambaye ndiye ningemtegemea anitetee, ameshika mbavu tangu siku hiyo na hajaziachia.

7. Suala la Jemadari. Kuona mambo yamefika hapo, nilimwokoa Jemadari peke yake. Nilimfunga kwenye kitambaa, nikampeleka karakanani, nikamlaza ndani ya jokofu nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe na ambalo mteja bado hajalifuata. Huko yuko salama, kwa utaalamu, si kwa mashuka na poda. Lakini Mama alipoona pengo kabatini alisema nimemuuza nahodha bila kumshauri kocha. Sasa hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwomba binti yako aniombe mimi, na sote watatu tumekaa meza moja, na chumvi iko mbele yake.

8. La nane nimelifuta. Binti yako amepita nyuma yangu nikiandika.

Baba, naomba tupime kwa haki, bila upendeleo wa udugu. Chumba cha baridi kinamstahili nani, anayestahimili joto au asiyestahimili? Mama amepita misimu ya joto mingi kuliko umri wangu na hajapasuka popote. Halainiki, hakauki, wala hanati. Nasema haya kama fundi, na ni sifa kubwa, sijawahi kulisifu jokofu lolote hivyo. Mpira hauna hata robo ya uimara huo. Ukimweka Mama sebuleni atabaki Mama. Ukiweka mpira sebuleni, jioni unaukwangua kwa kisu. Nilifikiria kumwomba abadilishane na kabati, yeye akae mahali pa kabati na kabati likae kitandani. Nilifikiria pia kuwaandikia wenye mamlaka ya hali ya hewa. Binti yako amenishauri niache kabisa kufikiria.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, uje umchukue mkeo. Sio kwamba hatumpendi. Tunampenda, na nyumba ina kicheko ambacho haikuwa nacho, ila kicheko chenyewe kinanihusu mimi. Njoo, mwombe radhi, mrudi kwenu mkagombane kwa raha zenu.

Na kama radhi inakwama kooni, nakusaidia njia. Lugha yetu imekuachia upenyo. Neno "umezeeka" si lazima liwe la mtu. Mlango umezeeka. Mto umezeeka. Mkeka umezeeka. Sema tu kwamba siku ile ulikuwa ukiutazama mlango, na Mama akawa amekaa karibu nao kwa bahati mbaya. Nani atakupinga? Mlango wako naufahamu, kweli umezeeka, mara ya mwisho nilipokuja ulinibakia mkononi.

Nakutakia afya njema. Salamu zimfikie Shangazi, zimfikie jirani yako mwenye redio, ziwafikie pia wote wanaouliza habari zetu na wasiouliza, na kuku wanaotaga na wale wanaokula bure.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye kichwa kilichoinama tangu mwanzo hadi hapa,

Fundi Baridi

Tanbihi: Baba, yote yaliyo hapo juu yafute.

Nilipomaliza kuandika nilikwenda karakanani kutafuta bahasha, nikasema hapohapo nimpe Jemadari habari njema. Nilipofungua jokofu lilinipumulia moto usoni. Lile nililolitengeneza kwa mikono yangu, Baba, lilikuwa likipasha badala ya kupoza, na sijui tangu lini. Vazi la Jemadari limekuwa ulimbo. Nilimwinua, yeye akaja, vazi likabaki kwenye vidole vyangu pamoja na zipu yake. Nililia, sioni haya kukuambia. Nilimlilia yeye na mjomba kwa pamoja.

Nilikimbia nyumbani nikiwa naye mkononi vilevile. Nilibisha hodi, nikaingia chumba cha nyuma, nikawageuza wale kumi mmojammoja. Wazima. Chini ya poda mpira ni mweusi, ni laini, hauna ufa hata wa unywele, hata zipu zinateleza kuliko siku nilipowapata. Ukuta umewakinga na mwanga, shuka limewapoza, na poda imewazuia kunata. Mama amewahifadhi kuliko mimi, naye alichokuwa akihifadhi ni heshima yake na shingo yake tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa uchungu nilimtazama Jemadari kiganjani, nikautazama ule mpira uliobaki, nikasema kwa sauti: umezeeka, umezeeka kabisa, hufai tena.

Mama alikuwa amekaa kitandani, hatua moja mbele yangu.

Nilimweleza kwamba nilikuwa nauambia mpira. Alisema wanaume tukibanwa hatukosi cha kusingizia, leo mpira, kesho utasikia mlango. Kwa hiyo ule ushauri wangu wa mlango usiuguse. Alifunga begi lake, na binti yako kwa mara ya kwanza hakucheka. Amepanda basi la mchana. Atafika kwako kabla ya barua hii, na shuka ameondoka nalo, na poda pia. Chumba kimeanza kuwa cha moto nikiwa bado naandika.

Baba, nakusihi. Kama bado hujamwomba radhi, usimwombe. Mpe maji ya kunywa, kisha mwambie lile neno lako tena, kwa sauti, mbele ya wageni, na kama wageni hawapo waalike. Begi lenyewe usilifungue, litakuwa tayari kwa safari ya kurudi huku. Ila kama moyo utakushinda, maana najua nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke, basi mwombe radhi yako na yangu kwa mkupuo mmoja, kisha mje wote wawili. Kitanda kinatosha, na vijana wanatazama ukuta.

Fanyeni haraka lakini. Jumamosi tuna mechi, kocha hayupo, na bila Jemadari tumebaki kumi. Katibu wa ligi alitaka jina la mchezaji wa kumi na moja, nikaliandikisha lako. Aliniuliza kama umezeeka. Nilimjibu kwamba uliozeeka ni mlango.