Mlango wa Mashariki

Wananchi wote wafahamu kwamba nguvu za dunia zimehama kutoka Magharibi kwenda Mashariki, na kwamba kata yetu, iliyo kati ya Iguguno na Kinyangiri, haitakubali kuachwa nyuma. Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu likiwa na mihuri mitatu. Aliyeigonga yote ni Bwana Melkizedeki, Mtendaji wa Kata, aliyekuwa ametoka semina ya siku mbili mjini Singida na hakutaka habari zimpoee mkononi.

Siku hiyohiyo ikakaa Kamati ya Mwelekeo wa Dunia, ikabaini aibu kubwa: mlango wa ofisi ulitazama magharibi.

"Yaani Mashariki tumeipa kisogo miaka yote hii!" alisema Melkizedeki kwa uchungu. "Hata alizeti ikikomaa inatazama mashariki. Imetekeleza bila waraka!"

Likapita azimio kwamba mlango uzibwe, mwingine utobolewe kwenye ukuta wa mashariki. Saruji ilikuwapo. Mifuko minane ilikuwa stoo ikisubiri sakafu ya kisima cha pampu, iliyopasuka hadi maji machafu yakaingia na kisima kikafungwa. Kwa miezi mitano akina mama walikuwa wakichota kwenye mashimo ya mchanga korongoni, na wajukuu wao wakiharisha. Kamati ilitafakari jambo hilo kwa kina, ikaliita changamoto ya mpito.

Kazi ilichukua siku nne. Ijumaa Melkizedeki akafungua mlango mpya, akavuta hewa ya Mashariki, akakuta kisima kiko mbele yake hatua ishirini. Pembeni ya njia walikuwa wameketi bibi thelathini na mmoja na ndoo tupu. Walikuwa wakija kumsubiri kila Ijumaa, naye akitokea upande wa pili, hata akawa amewasahau kabisa.

Sasa, mtu anaweza kula saruji ya kisima, lakini hawezi kumpita mzee bila kumwamkia. Melkizedeki alilelewa vizuri.

"Shikamoo, mama Felista."

"Marahaba, mwanangu. Pampu lini?"

"Suala liko kwenye mchakato."

"Haya. Msalimie na mwenzangu."

"Shikamoo, bibi Elina."

"Marahaba. Pampu lini?"

Alipomaliza wa thelathini na moja, chapati za mama ntilie zilikuwa zimekwisha. Bibi wale, kwa kuona njia imefunguka, wakaamua kuja kila siku.

Jumatano alikuwa amekonda. Akaitisha kamati kwa dharura, akaeleza kwamba wachambuzi sasa wanaona dalili za nguvu kurudi Magharibi. Fundi Deo, aliyetoboa mlango mpya, akatikisa kichwa.

"Mtendaji, nikitoboa tena bila kuziba huu, paa litakukalia kichwani. Na saruji imekwisha."

Ijumaa iliyofuata Mkuu wa Wilaya alikuja kukagua mageuzi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na nane, naye alilelewa vizuri. Akaamkia wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mmoja akamuuliza saruji ya pampu. Alipofika wa kumi na saba alikuwa anatokwa jasho.

"Melkizedeki, saruji ya hawa mama iko wapi?"

"Ukutani, Mheshimiwa."

"Na ile niliyoiona njiani, kwenye nyumba unayojenga?"

"Ile ni ya binafsi, Mheshimiwa."

"Nimeuliza iko wapi."

Jumamosi asubuhi mifuko minane ilishushwa kisimani kutoka kwenye nyumba ya Melkizedeki, ambayo ilibaki bila sakafu. Mwenyewe alikuja na koleo, akawaeleza bibi kwamba Serikali sikivu imeanza utekelezaji. Akachanganya mchanga na saruji, akachanganya tena, kisha akasimama akiutazama mchanganyiko.

"Mbona hulikorogi zege?" aliuliza mama Felista.

"Hakuna maji, mama."

"Ahaa. Umeliona leo." Akamkabidhi ndoo mbili, akamgeuza mabega taratibu mpaka akaelekea magharibi. "Korongo liko kule. Kwa sakafu hii utakwenda kama mara ishirini. Na shimo likikauka, chimba lingine, mwanangu."