Namna Niliokoa Televizio kwa Akili Yangu

Mardi, tarehe 8 avril 1997

Mizinga! Iko mbali bado, lakini madirisha inatetemeka. Askari ba serikali banakimbia, na mu njia banavunja manyumba. Kwa jirani Jeannot balibeba hata mulango. Mulango! Bibi yangu Hortense anasema tufiche televizio chini ya kitanda. Ndipo pahali pa kwanza mwizi anatazama! Mimi, mwanaume niliyeendesha lori mpaka Kilwa na kurudi bila frein, bila breki hata moja, niko na mupango.

Televizio hii si chombo tu. Miaka kumi, kila siku ya Mungu, avenue yote ilijaa mu salon yangu kutazama Kilo na Gramu: Kilo munene mwenye kujisifu, Gramu mudogo mwenye kumupiga na kandambili. Mama mukwe Marceline peke yake alibaki mu cuisine, jikoni, nyuma ya ukuta. Mwanaume na mama mukwe habakae pamoja. Heshima.

Mercredi 9

Askari bapya baliingia mu muji. Bantu banapiga makofi. Nikafunga televizio nyuma ya kinga yangu, baisikeli ya zamani, nikakanyaga pedali kwenda depo ya Kasereka, muchuuzi wa Butembo, mwenye mulango wa chuma. Hortense alisema nitajuta. Shemeji Clément alicheka tu.

Barière ya askari mu njia! Komanda akauliza televizio niliiba wapi. Niliiba! Mimi! Balishika televizio. Kinga balinirudishia, maana pneu, mupira wake, ilikuwa na tundu.

Ulimi yangu pia haina frein. Nikasema mimi ndiye Kilo mwenyewe.

Komanda akanitazama juu mpaka chini. Kisha kicheko! Komanda akagusa tumbo yangu, akasema ni yeye kweli, alinitazama kwao Goma angali kijana. Basi kesho saa ine nilete Gramu. Tukicheza, televizio inarudi. Kama ni bongo, kama nasema uongo, fimbo ishirini.

Jeudi 10

Clément alikataa kuwa Gramu. Eti atakuja kuhesabu fimbo. Jeannot hakumbuke hata neno moja. Nikaenda peke yangu, nusu ya Kampemba, mutaa wetu, nyuma yangu.

Nikatoa tumbo, nikalalamika: "Mimi mukubwa!" Hakuna wa kujibu. Komanda akatazama fimbo.

Ndipo sauti ndogo nyuma yangu: "Mukubwa wa nini? Wa masikio?"

Gramu! Gramu kabisa! Nikageuka. Mama mukwe! Miaka sitini na nane, kandambili mu mukono!

Nikafunika uso kwa heshima. Akanipiga. Kwa shavu! Mbele ya bantu! Kisha kwa shavu ya pili, maana ndivyo mambo yenyewe inaenda. Hakuona Kilo na Gramu hata siku moja, lakini kila neno alilishika kwa masikio, nyuma ya ukuta. Na makofi ya kandambili alihesabu. Nane. Mimi niliyetazama sikujua iko nane.

Askari balilia kwa kucheka. Balimushangilia, balimubeba juu. Mumoja akauliza: ule munene ni nani?

Dimanche 13

Televizio iko nyumbani. Inaonyesha nyimbo za kiaskari tu. Mama mukwe anazima sauti, anasimama pembeni yake, anacheza Kilo na Gramu bote babili. Salon imejaa mpaka dirishani.

Lakini heshima ilivunjika. Eti ni mimi niliivunja, na shavu yangu! Ili kuitengeneza, mumoja wetu lazima akae nyuma ya ukuta. Familia ikauliza nani. Bote balinyoosha kidole upande moja.

Naandika hapa, mu cuisine, sikio kwa ukuta. Nimecheka mara mbili. Polepole, basisikie. Nje nasema ni mimi nilimufundisha.

Clément anasema sasa askari banatafuta mafrigo ya kupoza bia. Hortense anasema yetu tuiache pahali iko. Tuiache! Nimeshapima: inaingia kwa kinga. Kesho asubui naibeba kwa Kasereka. Bakinishika kwa barière, nitasema mimi ni Gramu.