Alama Nyeupe ya Mulima wa Wamaza

Siku ya kwanza, tarehe 8 mwezi wa saba 2024. Kasongo.

Nimepata! Utajiri uko mbinguni, na mimi miaka yote natafuta chini.

Fabrice, mwanafunzi wa mambo ya mawe, nimemubeba na pikipiki wiki nzima. Anachora karte, ramani ya milima ya Kabambare, bila kupanda hata mumoja. Satelite inapita juu, inapiga foto, yeye anaangalia rangi mu ordinatere, kompyuta yake: huu ni muti, huu udongo, hili jiwe la namna hii. Leo nikaona alama nyeupe, mulima wa Wamaza. Nikauliza. Akasema hajui. Inaweza kuwa kwarsi, inaweza kuwa kitu kingine, rangi peke yake haitoshi, lazima mutu afike akanyage.

Kwarsi! Jiwe nyeupe, mama ya zahabu! Alipotoka kukojoa, nikapiga foto ya ile foto, na namba zake za mahali.

Anastasie, bibi yangu wa ndoa, iko kwao toka kilio cha baba yake. Mimi sikufika. Nilikuwa nauza miamvuli. Wakati wa jua. Tuache hiyo. Ametuma neno: nije nikae chini mbele ya watu wao, ao harudi tena.

Nitakuja na zahabu. Nani atauliza tena habari ya kilio?

Siku ya tatu, tarehe 10.

Nimemuchukua Pitchou, rafiki yangu. Ana nguvu na haulizi mengi. Leo akauliza: Ruphin, Wamaza si kwa wakwe zako? Nikamujibu mulima ni mukubwa, wakwe ni kidogo. Lakini njia inapita katikati ya kijiji chao, na kwetu mwanaume hakutani na mama mukwe uso kwa uso. Zaidi mwenye hakulia kilio! Basi tutazunguka nyuma ya mulima. Kwa miguu.

Pitchou akasema sasa anajua sababu bibi yangu alikimbia. Mupumbavu.

Siku ya tano, tarehe 12. Mulimani.

Miiba. Siafu. Pitchou ameanguka mutoni na chumvi yetu. Telefone inasema bado kidogo. Toka asubuhi, bado kidogo! Fabrice anapitaka hapa na kidole kimoja, chai mukononi.

Jioni tukafika. Jiwe pana kama kiwanja cha mupira. Nyeupe! Pitchou akaokota kipande, akatafuna. Muhogo. Kweli, muhogo mutupu, umetandazwa ukauke. Pitchou akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini mimi niko na akili. Nani anapandisha chakula huku juu? Mwenye anaficha kitu! Tukasukuma muhogo pembeni. Mwingi ukaporomoka bondeni. Tukawasha moto mukubwa juu ya jiwe, namna ya wachimbaji.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 13.

Tukamwaga maji ya baridi. Paa! Jiwe likapasuka katikati. Juu jeusi kama chini ya sufuria. Ndani: jiwe.

Halafu sauti za wanawake. Kumbe kijiji kiko pale chini, upande mwingine! Mbele yao mama Malaika, mama mukwe wangu. Nikageuka mbio, nikavuta shati nikafunika kichwa. Heshima ni heshima. Nikasimama hivyo, mugongo kwake, tumbo wazi, majivu mpaka kitovuni.

Hakuongea na mimi, haifai. Aliongea na Pitchou. Baba, umuulize huyo mutu asiye na kichwa: njia ya kuja kulia bwana yangu aliikosa, ya kuja kumwaga chakula yangu nani alimuonyesha? Nikamwambia Pitchou ajibu: Satelite. Mama akauliza huyo Satelite ni mwanamuke wa wapi. Wanawake wakacheka.

Anastasie hakucheka. Nilimuona mu tundu ya shati. Alikuwa anaokota muhogo mu majivu, kipande kimoja kimoja, anapuliza, anatia mu kitunga. Hakuangalia upande wangu hata mara moja. Mama za mama zao walianika pale. Jiwe lingine kama lile hawana.

Neno la mwisho, kupitia Pitchou: siku ya Mungu, tarehe 28, asubuhi, wazee watakaa. Nije na mbuzi wa kilio. Nisipofika, ndoa imekwisha.

Njiani niliwaza sana. Kosa ni la Pitchou. Kama hangetafuna...

Siku ya posho, tarehe 27. Karibu na Wamaza.

Suruali imefuliwa. Mbuzi nimemufunga nyuma ya pikipiki. Maneno ya kuomba musamaha nimeyashika kichwani, mazuri, hata mimi yaliniliza.

Sasa hivi Fabrice ametuma foto mupya. Mulima ule ule. Kumetokea alama nyeusi, wiki zilizopita haikuwa pale. Anauliza kama niko upande huo, niende kuangalia ni nini.

Nyeusi! Kasiterite, jiwe la bati, ni nyeusi, hata mutoto anajua! Na iko pale pale pa ile nyeupe! Nimemupigia Pitchou simu. Amekataa kuja. Anacheka tu, hasemi sababu. Wivu.

Mbuzi nimemubadilisha na nyundo mbili na beleshi. Wazee watangojea, kukaa ndiyo kazi yao. Kesho alfajiri napanda.

Nitapita nyuma, mama mukwe asinione.