Abigael wa Manga na Kebo ya Ijumaa

Sogeeni karibu, enyi watu wa Birongo na Marani, na ninyi wa Manga mlio huko juu mnakopigana vikumbo na mawingu. Tueni vikapu vya chai, zimeni pikipiki zenu, na mwenye redio aipunguze sauti. Kwa maana vita vilipiganwa mjini Kisii, orofa ya tatu, juu ya duka la mbolea, na asiyevisikia leo kwangu mimi atakuja kuvisikia kwa wasiovijua, nao watavikoroga.

Katika orofa hiyo palikuwa na chuo, na chuoni humo wana wa watu walifundishwa elimu kuu ya mawasiliano ya data ya kibiashara na mitandao. Ilikuwa elimu ya heshima, ijapokuwa mtandao wenyewe ulikuwa umekatika tangu muhula uliotangulia. Mwalimu aliuchora ubaoni kwa chaki, wingu moja kubwa, akanena, "Hii ndiyo intaneti. Choreni." Wakachora. Waliokuwa na rula walitumia rula.

Mwalimu huyo ndiye Otiende, mtu wa pande za ziwa, mrefu wa kimo, mnyoofu wa kola, mpenda kanuni, ambaye hajapata kuonekana akisahihisha kwa penseli. Na shujaa wetu ni Abigael binti Nyasani, mchuma chai wa vidole vyepesi, sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana Waadventista, aliyezikariri tabaka saba za mtandao kama wenzake walivyozikariri Zaburi. Kiwanda kimoja cha chai kilikuwa kimemwekea nafasi ya mafunzo ya kazi kuanzia Jumatatu, nacho kilitaka fomu yenye alama ya mtihani wa vitendo na sahihi ya mtahiniwa. Asiye na alama angengoja mwaka mzima. Abigael aliitaka nafasi ile kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, wala hakuona haya kusema hivyo.

Na mtihani wenyewe ulikuwa nini? Kuvisha kebo kichwa. Naam, kile kichwa cha plastiki angavu, kidogo kama punje mbili za mahindi, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Ndani ya kebo mna waya nane, wanne wa rangi na wanne weupe wenye mistari, kila mmoja amesokotwa na mwenzake kama maharusi. Mtahiniwa huwasokotoa, huwapanga kwa zamu yao, huwaingiza kichwani, hukibana kwa koleo, kisha huchomeka kebo kwenye kidude cha betri cha kupimia chenye taa nane. Zikiwaka kwa mfuatano, umepita. Na sheria ya upangaji ni ngumu, kwa kuwa inamtenganisha kijani na mkewe, ikamlaza buluu na mkewe katikati yao, jambo ambalo kanisani lingeitiwa kikao cha wazee.

Mtihani ukawekwa Ijumaa, saa saba mchana. Hapo ndipo fitina ilipozaliwa, maana kila mtu wa milima hii anajua kwamba jua la Ijumaa likishatua, Msabato hatii mkono kazini mpaka Jumamosi jua litue tena.

Otiende akasimama mbele ya jeshi lake, akahutubu. "Wanafunzi wangu, koleo ni moja na ninyi ni ishirini na sita. Asiyemaliza leo atakuja kesho saa mbili asubuhi. Mimi niko hapa kesho, koleo iko hapa kesho. Kama Mungu ndiye anakukataza kesho, hiyo ni kati yako na yeye. Mimi sina fomu yake."

Akainuka Masese, mwenye saa kubwa mkononi na kalenda ya kanisa mfukoni, akajibu kwa niaba ya taifa lake. "Mwalimu, kwa heshima yote, sisi Wasabato tunaomba tutangulie."

"Haya. Wasabato, simameni."

Wakasimama kumi na tisa. Otiende akawahesabu mara mbili. Kutangulia watu saba si kutangulia, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wale saba Wakatoliki wakaenda zao kunywa chai, na Abigael, ambaye jina lake lilikuwa chini kabisa ya orodha, akawa wa kumi na tisa miongoni mwa waliotangulizwa.

Wakapita mmoja mmoja, kila mtu na dakika zake na jasho lake. Saa tisa mvua ikashuka kama inavyoshuka Kisii kila siku. Saa kumi na moja stima ikapotea, taa za darasani zikazimika. Wala taa ya simu haikuwezekana, kwa sababu simu zote zilikuwa zimefungiwa katika katoni la mwalimu, ya mwalimu mwenyewe ikiwemo, maana kanuni ni kanuni. Na kalenda ya Masese ilisema kwamba jua lingetua saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo Abigael alipokabidhiwa koleo, na kebo isiyozidi urefu wa mkono, na vichwa vitatu. Vitatu tu, wala si zaidi.

Kichwa cha kwanza kilianguka vitani upesi. Aliwakata waya kwa pupa, mmoja akabaki mfupi, na koleo likabana pengo. Cha pili alikipanga akiwa ameinamia meza katika kiza cha mvua, akakibana, akachomeka. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu, kisha ikaruka hadi ya sita.

"Woi, Abi!" akalia Masese. "Umebadilisha buluu na kijani!"

"Masese!" Otiende akanguruma. "Wewe ni saa ama ni mtahiniwa? Kama ni saa, sema dakika peke yake."

"Dakika kumi na moja, mwalimu."

Abigael akakata kichwa kile kilichofedheheka, akamenya kebo upya, na kwa haraka yake akawasokotoa waya wote kwa mpigo. Loo, kosa gani hilo! Alipowatazama, buluu na kijani walikuwa weusi wote wawili, na wake zao walikuwa weupe tu, wala hakuna aliyejua tena nani ni wa nani. Aliiona Jumatatu ikipita na kiwanda kikimpa nafasi yake mtu mwingine.

Akajikaza, akasimama wima, akanena. "Mwalimu, mimi nimechuma chai kwenye mvua na kwenye ukungu, na jani changa nalijua kwa kidole bila kuliona. Lakini rangi haishikiki kwa kidole. Naomba nisimame dirishani."

Otiende akafunua karatasi ya kanuni, akaisoma mbele na nyuma. "Dirisha halijakatazwa," akatamka.

Abigael akaenda dirishani, na kumbe mvua ilikuwa inakatika. Chini kabisa ya mawingu pakafunguka ufa mwembamba, na jua, lile lile lililokuwa likimkimbiza tangu mchana, likachungulia juu ya mabati ya soko na kumtilia mwanga viganjani. Kijani akawa kijani. Buluu akawa buluu. Mistari ya wale weupe ikajitokeza, na vidole vya Manga vikafanya kazi yao, chungwa na mkewe hapa, kahawia na mkewe kule, na ile ndoa iliyotenganishwa katikati.

"Dakika tatu," ikasema saa.

Akawaingiza kichwani. Akalibana koleo kwa mikono miwili, akiuma mdomo, mpaka likalia ka! Akarudi mezani, akachomeka.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane.

Masese alirusha kalenda hewani, ikaanguka, akaiokota, akatazama saa yake na kusema kwa sauti ya chini, "Thelathini na nane. Limetua."

"Umepita," akasema Otiende, akasukuma fomu mezani na kumnyooshea kalamu. "Weka sahihi hapa."

Abigael akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Mwalimu, kusaini ni kazi. Sabato imeingia."

"Abigael! Ni jina lako tu! Herufi saba! Fomu bila sahihi ni karatasi ya kufungia mandazi. Jumatatu alfajiri naipeleka kiwandani hivi ilivyo na hawataihesabu."

"Najua, mwalimu."

Alijua, na machozi yalikuwa yameshamlenga. Taa nane ziliendelea kuzunguka mezani, moja baada ya nyingine, naye akazitazama bila kuigusa kalamu. Masese akaifunika saa yake kwa kiganja.

Mtu aliyependa kanuni maisha yake yote alikuwa amekutana na mtu mwenye kanuni kuu kuliko zake, na ilionekana usoni mwake kwamba jambo lile lilimuudhi na kumpendeza kwa kipimo kimoja. Mwishowe Otiende akaifunika kalamu.

"Misa yetu Jumapili ni saa mbili na nusu," akasema, "na msomaji wa somo la kwanza ni mimi. Nimejiandaa wiki nzima. Sasa wewe Jumamosi yako umeilinda, unakuja kunilia Jumapili yangu." Akaikunja fomu kwa uangalifu. "Saa mbili kamili, hapa hapa. Usichelewe."

"Mbuya mono, asante sana, mwalimu," akasema Abigael, na sauti ya kwanza ya kwaya ikamvunjikia katikati.

Ikawa Jumapili, saa mbili asubuhi, Abigael binti Nyasani akaandika herufi zake saba kwa wino, mbele ya shahidi mmoja aliyevaa tai na kutazama mlango. Shahidi huyo alifika kanisani, mwendo wa nusu saa na zaidi, akiwa anahema, akakuta somo la kwanza limeshasomwa na mtu mwingine, tena vibaya.

Basi liandikeni, enyi wenye kalamu, na msiojua kuandika mlisimulie shambani: kwamba katika mwaka huu wetu kebo isiyozidi urefu wa mkono ilipata kichwa kwa haki, bila hila wala kuvunjwa kwa Sabato. Ipo chuoni mpaka leo. Imeunganisha kompyuta mbili zilizokaa bega kwa bega juu ya meza moja, ambazo hazikuwahi kuwa na neno la kuambiana. Sasa zina njia.