Kahawa Tharcisse, Kafeini Sifuri

Jumatatu, 2 Juni
Siku kubwa kwa Kolwezi! Jirani yangu Tata Kankolongo, dereva mstaafu wa treni, amekatazwa kahawa na daktari. Moyo. Ana huzuni kama mfiwa. Leo, dukani kwa mpinzani wangu wa biashara, Mama Bilkisi, nimeona kopo limeandikwa "décaféiné". Akasema ni kahawa iliyotolewa kafeini, ile inayofukuza usingizi na kuharakisha moyo. Nikauliza inatolewa kwa kutumia kitu gani. Akasema nyingine hutolewa kwa maji. Maji! Hata mimi ninayo!

Jumanne, 3 Juni
Nimeosha kahawa iliyokaangwa, kwenye karai. Maji meusi! Kafeini inakimbia! Nimeianika juu ya bati. Vumbi la malori halikukosa. Kibandiko nimekichora mwenyewe: KAHAWA THARCISSE, KAFEINI SIFURI. Mke wangu Adèle akauliza nani amepima. Nikamjibu: macho yangu.

Jumatano, 4 Juni
Kasoro ndogo: ladha imepungua. Suluhisho la kitaalamu: nimetia kahawa mara tatu ya kawaida. Tata Kankolongo amekunywa vikombe vinne na kunibariki. Mama Bilkisi akapita. Nikamwinulia birika kama kombe la ubingwa.

Alhamisi, 5 Juni
Alfajiri Tata Kankolongo mlangoni, macho mekundu. "Tharcisse, siyalala! Moyo inapiga sawa ngoma!" Nikampakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Niliogopa, kweli niliogopa. Daktari akamtuliza, akauliza amekunywa nini. Mzee wa watu akatoa kibandiko changu mfukoni, akakisoma kwa sauti, kwa imani yote. Nikatazama dari.
Mama Bilkisi akaja kumjulia hali. Akaniambia mbele ya manesi: "Tata Tharcisse, kafeini banaitoaka mu kahawa mbichi, mbele ya kuikaanga. Kisha banapima. Na inabakiaka kidogo, ndiyo maana kopo yangu haiandike sifuri."
Haha! Kakiri mwenyewe! Yake haina sifuri. Yangu inayo.

Ijumaa, 6 Juni
Adèle amebandua vibandiko vyote. Tata Kankolongo anakunywa ya Mama Bilkisi, kikombe kimoja, kwa ruhusa ya daktari. Amenisamehe. Watu wakubwa hatukumbatii ushindi mdogo.

Jumamosi, 7 Juni
Daktari amemkataza chumvi pia. Hapo ndipo taifa linanihitaji! Nimeosha kilo nzima, kwa uangalifu, maji ya moto. Nikaenda kuchora kibandiko. Kurudi: karai lina maji matupu!
Mama Bilkisi ameiba chumvi yangu. Wavumbuzi wote huonewa wivu.