Kikapu cha Donna Immacolata

Carmine Sposito alimwona mgeni akishuka kwenye treni pale Castellammare, akiitumbulia macho bahari hata begi lake amelisahau. Akajua papo hapo: huyu anatafuta nyumba, tena kwa bei ya bure. Mtu wa namna hiyo, jamani, usipomla wewe atamla mwingine, na Carmine hakupenda kuona riziki ikiharibika.

Shida alikuwa nayo, tena ya kweli. Hereni za arusi za mkewe Titina alikuwa ameziweka rehani kimyakimya, na Titina alizitaka Jumapili, siku mpwa wake atakapobatizwa. Asipozikomboa, ole wake!

Mgeni alijitambulisha: Bwana Galbusera wa Milano. Carmine akamtembeza mitaani. Kwanza mtaa wa stesheni, ambako treni hutikisa vikombe kabatini. Kisha mtaa wa karakana za meli, nyundo tangu alfajiri. Halafu juu mlimani kwa matajiri, akamtajia bei mpaka mgeni akashika ukuta. Ndivyo mtu anavyopikwa: unamchosha, unamtisha, ndipo unamshusha Santa Caterina, kwenye vichochoro vya kivuli na harufu ya samaki wa kukaanga.

"Ile ghorofa ya pili," akanong'ona. "Ya mjane. Bei za siku hizi hazijui."

"Hazijui kabisa?" Galbusera akameza mate.

"Kabisa! Ila bado anamlilia marehemu, wanaume hawafungulii mlango. Arabuni, yaani malipo ya kwanza, hupanda kwa kikapu. Ndiyo desturi yetu."

Kikapu kilikuwa kweli; mtaa ule kila mwanamke hushusha chake kwa kamba kutoka roshani, akapandisha mkate na mboga. Mjane ndiye aliyekuwa uongo. Alikuwa binamu yake Nunzia, mshirika wake, mwenye mume mzima anayekoroma chumbani.

Carmine akapiga mluzi. Kikapu kikashuka. Galbusera akavua saa yake ya dhahabu, akaitia ndani. Kikapu kikapanda, kikaipita ghorofa ya pili, kikaenda zake ya tatu. Masikini Carmine! Alisahau kwamba wakati ule muuza mkate naye hupiga mluzi, na bibi wa ghorofa ya tatu hushusha kikapu chake.

"Donna Immacolata!" akaita. "Mama yangu, kikapu kimekosea!"

Bibi akachungulia, saa mkononi. "Mkate gani huu, Carmine?"

"Arabuni ya nyumba, mama," Galbusera akajibu kwa adabu. "Wewe ndiye mjane?"

"Miaka mingi sasa." Akamtazama Carmine, akaelewa yote. "Kumbe nauza nyumba! Basi kwetu dalali naye huweka chake, tujue si mwongo."

"Desturi hiyo siijui, mama," Carmine akajitetea.

"Si wewe uliyenieleza desturi zenu?" Galbusera akamkazia macho.

Mwilini Carmine hakuwa na kitu cha thamani ila pete ya ndoa. Akaivua kwa mate, roho ikimuuma, akaitia kikapuni. Kikapu kikapanda.

Kiliporudi, kilikuwa na saa peke yake.

"Shika saa yako, bwana, uangalie treni ya Milano inaondoka saa ngapi. Nyumba siuzi. Na ukome kuwawinda wajane!"

Galbusera aliondoka bila kwaheri.

"Na pete yangu, mama?"

"Yako? Hii ni ya Titina. Nitamkabidhi mwenyewe Jumapili kwenye ubatizo, na nimweleze ilivyonifikia."

"Mama, ubatizo ni wa familia tu!"

"Nimealikwa," akasema Donna Immacolata, akafunga dirisha.